Mkeka wa Bi Mize

Hakuna kitu kilichomkera Wahida pale famasia kama usafi wa zile fomu za njano. Zilijaa droo, bunda zima, hazijaguswa hata na ncha ya kalamu. Mojawapo ya kazi zake, ukiacha kugawa dawa dirishani, ilikuwa kukusanya taarifa za wagonjwa waliodhuriwa na dawa walizopewa, na kuzituma kwa wakubwa wanaosimamia dawa nchini. Mgonjwa akivimba midomo, akiwashwa mwili mzima, akizimia, basi daktari, nesi au hata mgonjwa mwenyewe anaruhusiwa kujaza fomu. Hatakiwi kuwa na hakika. Anatakiwa kushuku tu. Lakini tangu Wahida ahamie Bagamoyo hakuna mtu hospitalini aliyeshuku chochote.

Sasa wewe niambie. Watu wanatoka Mapinga, wanatoka Msata, wanameza vidonge vya kila rangi, halafu hata mmoja asidhurike? Wahida alikuwa mtu wa kuchokonoa mambo tangu utoto, wa kufungua redio ili aone anayezungumza, na jambo hili lilimkosesha raha.

"Wagonjwa wetu wagumu," Daktari Kombo alimwambia. Huyu ndiye aliyesimamia kliniki ya kifua kikuu, mtu mwema, ila foleni ya asubuhi ilikuwa imemmaliza nguvu ya kushangaa.

"Dawa zote duniani zina maudhi yake, daktari. Zikifika Bagamoyo zinatubu?"

Daktari alicheka, akaita mgonjwa mwingine.

Basi Wahida akaamua kuuliza mwenyewe. Kila aliyefika dirishani alimuuliza kama dawa inamsumbua, na kila mmoja akamjibu kwamba hapana, alhamdulillah, salama kabisa. Na hapo ndipo ilipo shida ya watu wa pwani, nawasema kwa kuwa ni watu wangu. Mtu ametoka kuzika asubuhi, muulize habari, atakuambia njema. Na kumlalamikia dawa yule aliyekupa dawa ni ukosefu wa adabu, ni sawa na kualikwa pilau kisha ukasema chumvi imezidi. Wahida alizaliwa pwani hiyo hiyo, alilijua hilo, lakini hakujua angelivuka vipi.

Katika hao waliomjibu alhamdulillah alikuwemo Bi Mize wa Makurunge, msusi wa mikeka. Alikuwa ameugua kifua kikuu, tena kile chenye vijidudu vilivyoizoea dawa mojawapo ya zile za kawaida, hivyo akapangiwa mchanganyiko mwingine wa muda mrefu. Alikuja na kikapu chake, amejifunika kanga vizuri, amenenepa kidogo, kikohozi kimeisha.

"Dawa hazikusumbui, bibi?"

"Sina neno, mwanangu. Hebu nionyeshe tena, kipi ni kipi hapa?"

Wahida alimwonyesha, akashangaa kidogo, maana vidonge hivyo Bi Mize alikuwa akivimeza kwa miezi na kuvitaja kwa rangi. Akasema moyoni kuwa uzee umeanza. Nyuma yake foleni ilikuwa ndefu, akampa pakiti zake, akamtakia safari njema.

Wiki ileile mkeka ulifika nyumbani kwa Shangazi Zuhura.

Shangazi huyu, dada wa baba yake Wahida, alikuwa anamwoza binti yake Ummy, na mkeka wa chumba cha bi harusi aliuagiza kwa Bi Mize na si kwa mwingine. Zuhura na Mize walichezwa unyago pamoja walipokuwa wari, wakaitana shoga kuanzia hapo mpaka wajukuu. Wahida alipotoka kazini alikuta ukumbi umejaa wanawake, mkeka umetandazwa katikati, na hakuna aliyekaa juu yake. Walikuwa wameuzunguka wakiutazama, na hakuna aliyekuwa anacheka.

Lazima uwajue wanawake wa mji huu. Mwenzao akivaa kanga mpya hawatazami maua, wanasoma maneno ya chini, kisha wanajiuliza yameelekezwa kwa nani. Ukipaka nyumba chokaa wakati jirani yako hana hata karo, umemsema. Kwao hakuna kitu kinachotokea hivi hivi. Kwa hiyo mkeka ulioagizwa kijani pembeni na nyekundu kidogo katikati, halafu ukaja na nyekundu imetapakaa kila mahali, ulikuwa ni barua, na waliobaki walikuwa na kazi moja tu ya kuisoma.

"Ametaka kusema harusi ina moto," alisema mmoja.

"Moto gani. Hii ni damu," alisema mwingine, wifi wa shangazi, ambaye hakuwahi kuumeza usemi akiwa nao mdomoni.

Shangazi Zuhura akakaa chini. Wahida alimwona uso wake ukibadilika, ule uso wa ugomvi ukaondoka, ukabaki uso wa mtu aliyekamatwa.

"Alipokuwa anatema damu sikwenda," alisema polepole. "Nilituma salamu, nikatuma na sukari, mwenyewe sikwenda. Nilisema nina wajukuu ndani. Mwaka mzima sikukanyaga Makurunge. Nilipomwagiza mkeka nilidhani tumemaliza. Kumbe aliniwekea. Ananiambia, wewe uliikimbia damu yangu, basi mwanao na ailalie."

Ingekuwa rahisi kuwacheka wanawake wale, na mimi ningewacheka, ila kwa mtu mwenye dhambi yake moyoni usomaji ule haukuwa na kasoro hata moja. Shangazi akafuta macho kwa ncha ya kanga, kisha hasira ikamrudia, maana hasira ni nyepesi kuibeba. Akamgeukia Wahida. "Kesho hufanyi kazi. Mrudishie mkeka wake. Mwambie nimeusoma."

Wahida alikuwa amekwisha piga magoti. Alikuwa anafuata ukili mmoja kwa kidole, ule utepe mrefu uliosukwa ambao hushonwa kwa kuzungushwa ubavu kwa ubavu mpaka uwe mkeka. Msuko ulikuwa wa Bi Mize hasa, umekaza, hauna hata uzi uliochomoza. Mshono umenyooka. Zambarau ipo mahali pake, njano ipo mahali pake. Ila ile kijani ilianza vizuri, ikaenda, na katikati ya safari ikageuka nyekundu, ikarudi kijani, kisha zikachanganyika. Aliugeuza mkeka upande wa pili. Hali ilikuwa ileile.

"Shangazi," alisema, "fumbo hili amelitunga vibaya."

"Vibaya vipi?"

"Mtu akitaka kukusema kwa nyekundu ataweka nyekundu pote. Au ataweka mahali unapopaona. Huyu ameweka hapa kijani, hapa nyekundu, bila utaratibu. Angalia ua hili, nusu yake rangi hii, nusu nyingine ile. Bi Mize mwenyewe asingekubali litoke hivi."

"Basi ni dharau."

Wahida aliendelea kutazama. Zambarau sawa. Njano sawa. Nyekundu na kijani tu ndizo zilizopotea, na zimepotezana zenyewe kwa zenyewe, kana kwamba aliyezishika hakuona tofauti yake. Kisha akakumbuka vidonge vilivyotandazwa dirishani na Bi Mize akiuliza kipi ni kipi. Katika mchanganyiko ule wa Bi Mize kulikuwa na dawa inayoitwa ethambutol. Chuoni walifundishwa kwamba kwa watu wachache hudhuru mshipa wa jicho, na mara nyingi kitu cha kwanza kuondoka ni tofauti ya nyekundu na kijani. Ikisimamishwa mapema macho huweza kurudi. Ikiachwa iendelee, mtu anapofuka.

Aliukunja mkeka, dhana yake akabaki nayo, maana hakuwa na hakika. Asubuhi yake alipanda bodaboda, mkeka umefungwa kwa kanga mgongoni mwake, akaenda Makurunge.

Bi Mize alikuwa kibarazani, miguu ameinyoosha, anasuka. Pembeni yake kulikuwa na mafungu ya ukindu wa kusukia, uliochemshwa rangi na kukaushwa. Wahida alivua viatu, akauegemeza mkeka ukutani nyuma ya mlango, akakaa.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba. Ni Wahida huyo? Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo. Habari za hapa?"

"Njema."

"Kifua?"

"Alhamdulillah."

"Na macho?"

"Salama," alisema Bi Mize, upesi kama alivyosema zile nyingine, na mikono yake haikusita.

Wahida akajiona mjinga. Ndiyo, amepewa jibu la salamu kwa sababu ameuliza kwa salamu. Akamtazama anavyosuka. Vidole vilikwenda vyenyewe, macho yanatazama barabarani.

"Niazime mwekundu mmoja nikusaidie," alisema baadaye. "Nilifundishwa zamani, nimesahau."

Bi Mize aliupeleka mkono kwenye mafungu. Ukasimama juu ya fungu moja, ukahamia la pili, ukarudi. Akachomoa, akampa. Wahida aliushika ukindu ule juani. Ulikuwa kijani, kijani cha jani la mgomba. Aliushikilia tu, hakuanza kusuka.

"Nimekosea," alisema Bi Mize.

"Umekosea, bibi."

"Na ule mkeka wa Ummy?"

"Na ule pia."

Bi Mize akaweka ukili mapajani. Kwa muda alikuwa anakunja na kukunjua ncha yake. "Mwanzo nilidhani rangi za dukani zimeharibika," alisema. "Nikamgombeza Mpemba wa watu, maskini, akanibadilishia bure. Halafu nikaona pilipili. Mbivu na mbichi siku hizi naonja ndiyo nijue. Sasa hata nyuso, mtu akikaa mbali, katikati pana ukungu. Wewe nimekujua kwa sauti."

"Kwa nini hukuniambia pale dirishani? Nilikuuliza."

"Uliniuliza dawa inanisumbua. Dawa hainisumbui, imeniponya kifua. Macho uliniuliza?"

Wahida alihisi uso unamwaka. Bunda zima la fomu, na swali hajui kuliuliza.

"Lakini nisikudanganye," Bi Mize akaendelea, na sauti ikashuka. "Hata ungeniuliza nisingekuambia. Wewe hukuniona nilipokuwa nakohoa. Kikombe changu kiliwekwa peke yake. Msibani nilikaa peke yangu mwisho wa jamvi, na jamvi lenyewe nimelisuka mimi. Zuhura hakuja. Kifua kilipopona wakaanza kurudi, mmoja mmoja, na Zuhura akaniletea kazi ya harusi. Nikajua kuwa ni dawa hizi, maana macho yalianza nilipoanza kuzimeza. Nikajiambia nikisema watanikatiza dawa. Wakinikatiza kikohozi kitarudi. Upofu watu watakuja kuniongoza, mwanangu. Kikohozi walinikimbia."

Wahida alilia, na hakujificha. Alilia kwa huruma, na alilia kwa hasira pia, kwamba mtu amekaa kibarazani kwake akapima macho yake kwa upande mmoja na watu wake kwa upande wa pili, na hakuna aliyemwambia kwamba hakulazimika kuchagua.

"Bi Mize, vidonge ni vingi. Kinachoshukiwa ni kimoja. Kinaweza kuondolewa hicho, kikawekwa kingine, ukaendelea kupona."

"Nani kasema, wewe au daktari?"

"Mimi. Daktari atasema leo, ukikubali kuja. Na kama atasema vinginevyo nitakuambia vilevile kama atakavyosema."

Mkono wa Bi Mize ukaenda ukutani, nyuma ya mlango, ukagusa kile kilichofungwa kwa kanga, ukafuata mshono wa pembeni. "Huu wangu," alisema. "Zuhura kaurudisha."

Wahida angeweza kudanganya. "Ameona umemwandikia fumbo," alisema. "Kwamba alikimbia damu yako, basi mwanawe ailalie."

Bi Mize alimtazama, au alitazama pale sauti ilipokuwa, na kikamtoka kicheko kirefu mpaka akashika ubavu. "Mimi nimtungie Zuhura fumbo? Zuhura mimi namwambia usoni. Ngoja nipate macho nimtukane vizuri." Akasimama, akaomba apewe viatu vyake.

Daktari Kombo alimsikiliza Wahida akiwa amesimama, kisha akakaa. Bi Mize alipelekwa chumba cha macho, akaonyeshwa zile kadi za nukta za rangi zenye namba ndani, na kadi baada ya kadi akasema kwamba haoni namba yoyote, wanamtania. Siku hiyohiyo ethambutol ikasimamishwa, daktari akapiga simu kwa bingwa wake Dar es Salaam, dawa nyingine ikapangwa mahali pake.

Wahida akatoa fomu ya njano. Daktari aliitazama kama mtu anayetazama mgeni asiyemtaka.

"Tukiituma hii watauliza kwa nini hatukumpima macho kabla ya kumwanzishia."

"Na waulize. Hata mimi nataka kujua."

Daktari akavuta pumzi, akachukua kalamu, sehemu ya macho akaijaza mwenyewe kwa mwandiko wake, na nampa heshima yake kwa hilo, maana wengi wangeirudisha droo.

Wahida alidhani fomu ikishatumwa imekwenda kama jiwe la kisimani. Badala yake lilirudi swali, kutoka kwa mtu asiyemjua, naye kumbe ni mdadisi kama yeye. Je, figo za mgonjwa zilipimwa? Hazikupimwa. Zikapimwa, zikaonekana zinachuja polepole, na ethambutol hutolewa mwilini kwa figo. Ile dozi iliyomfaa mtu mwingine kwake ilikuwa inabaki na kurundikana. Daktari Kombo aliwaita wagonjwa wake wote wanaomeza dawa ile, akawapima figo, akawaonyesha kadi za rangi, na mzee mmoja wa Msata aliyesema yuko salama alhamdulillah akakutwa haoni namba. Naye alibadilishiwa dawa. Fomu ya pili ikajazwa.

Lakini macho ya Bi Mize hayakurudi. Walimwambia inaweza kuchukua miezi, na walimwambia, kwa kuwa Wahida aliahidi kutoficha, kwamba yanaweza yasirudi kabisa.

Shangazi Zuhura alirudishiwa mkeka na Wahida, akaelezwa habari yote. Aliufungua ule mkeka, akautandika kwa mikono yake chumbani kwa Ummy, na wifi yake alipofungua mdomo alimwambia atoke akachambue mchele. Ummy aliolewa juu ya mkeka ule. Baada ya harusi shangazi akashika njia ya Makurunge, na kuanzia hapo ikawa kila wiki anakwenda. Matusi aliyoahidiwa aliyapata, yote, akakaa akayasikiliza. Halafu akachukua mafungu ya ukindu akayaweka upande wake. Mmoja akawa anasuka, mwingine anampa rangi.

Hivyo ndivyo Wahida alivyowakuta alipokwenda kumpelekea Bi Mize dawa za mwisho. Kifua kilikuwa safi, vipimo vimeonyesha. Shangazi alikuwa anazungumza, na shangazi akizungumza husahau hata kama mkono ni wake. Alikuwa anasimulia ugomvi wa wifi yake na muuza samaki, ameufikisha pale mizani ilipoanguka.

"Wa kijani," alisema Bi Mize, amenyoosha mkono.

Shangazi akachomoa ukindu bila kutazama, akampa, akaendelea na mizani.

Bi Mize aliutia katika msuko. Akasuka mara moja, mkono ukasimama. Akauchomoa, akausogeza karibu na uso, akauweka mbali, akausogeza tena.

"Zuhura."

"Ngoja nimalize. Basi yule muuza samaki akasema..."

"Zuhura, nimekuomba wa kijani. Huu umenipa mwekundu."

Shangazi akatazama mkononi mwa mwenziwe, na habari ya muuza samaki ikaishia hapo.